Sweta Lenye Nyota Moja

Mimi ukiniambia kitu fulani ni kibovu, umenipa kazi ya kufanya. Sikubali mpaka nikione. Kwetu Lushoto, nilipokuwa msichana, watu wakisema njia ya bondeni haipitiki kwa matope, nilishuka kuipita, na nikirudi na matope mpaka magotini nilisema inapitika. Hapa Nguvumali, Tanga mjini, nilipohamia baada ya kustaafu, kulikuwa na mama mmoja akisemwa mtaa mzima kwamba maandazi yake ni magumu. Nilinunua kwake asubuhi kadhaa mfululizo ili nami niwe na haki ya kusema. Yalikuwa magumu kweli, lakini nilisema nikiwa nimekula. Mume wangu hudai tabia hii ingenifikisha mahakamani kama si upole wake yeye. Sijui mahakama inahusikaje na maandazi.

Kwa hiyo binti yangu aliponionyesha kwenye simu mahali ambapo wafumaji wa dunia nzima huweka maelekezo ya masweta, kofia na soksi, na wenzao huyafuma kisha wakayapa nyota kuanzia moja mpaka tano, hakujua anafungua mlango gani. Nilikuwa nimefundisha sayansikimu kwenye sekondari moja ya Maramba kwa miaka mingi, nikiwafundisha wasichana wa watu kushika sindano, na sasa nilikaa nyumbani nikipanga upya kabati ambalo nililipanga jana. "Mama, chagua yenye nyota tano," aliniambia. Niliyapitia hayo ya nyota tano. Yote mazuri, yote yamesifiwa mpaka hakuna la kuongeza. Nikashuka chini kabisa, kwa yale yaliyopewa nyota moja au moja na nusu, na huko ndiko nilikokuta maneno yenye uhai. Mmoja ameandika kwamba kofia aliyofuma imetoka ya kufunikia birika. Mwingine anauliza kama mtunzi wa soksi zile amewahi kuuona mguu wa binadamu. Wa tatu amelaani tu na kuondoka. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikaingiwa na mashaka. Hawa watu walifuata maelekezo, au walivuruga wenyewe halafu wakamsingizia mtunzi? Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, namjua mtu ambaye hakusoma swali.

Basi nikajiwekea utaratibu. Nachagua maelekezo yaliyochekwa kuliko yote, nayafuma neno kwa neno, sirekebishi chochote. Hata nikiona kosa linakuja kwa mbali naliacha lije. Ukirekebisha hujapima maelekezo, umepima akili yako, na yangu nilishaijua.

Nilianza na ile kofia. Ilitoka ya kufunikia birika, siwezi kusema uongo, na mpaka leo inafunika birika, chai haipoi. Zile soksi zilikuwa na kisigino juu ya unyayo, pale wenzetu wanapofungia kamba za viatu; niliwaomba radhi kimoyomoyo wote waliolalamika. Lakini kulikuwa na fulana ya kufuma iliyotukanwa kuliko yote, nayo nilipoifuma ilitoka safi kabisa. Nikasoma tena lawama zao, nikagundua wote waliruka mstari mmoja ulio katikati, unaosema geuza kazi kabla ya kuanza bega. Nilitembea na ile fulana nyumba nzima nikimwonyesha mume wangu. "Watu hawasomi!" nilisema. Akasema ndiyo, hawasomi. Alikuwa anasoma gazeti.

Yeye ndiye aliyekuwa akivaa majaribio yangu, kwa sababu ana mwili wa wastani na hana ubishi. Kufuma sufu na joto la Tanga ni kazi ya mtu mwenye kichwa kigumu. Uzi unagandana na vidole, na sweta likifika mapajani unatamani kulitupa dirishani. Kulivaa ndiyo zaidi. Lakini alivaa. Alisimama katikati ya sebule mikono imenyooshwa, jasho linamtiririka, nami nikimzunguka na futi ya kupimia. Lipo moja ambalo mkono wa kushoto ulimfunika vidole na wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Alilivaa kwenda Lushoto kwenye sikukuu ya mavuno, kwa kuwa kule kuna baridi na yeye hapendi kitu kipotee bure. Watu wa kanisani walimpa pole, wakidhani amevunjika mkono. Aliitikia, "Ahsanteni, unaendelea vizuri."

Katika yale ya chini kabisa kulikuwa na sweta moja la mtoto mchanga, la kufungua mbele, lililofumwa matundu kila mahali, mgongoni, kifuani, mpaka mikononi. Lilikuwa na nyota moja, na nadhani hata hiyo ni kwa kuwa simu haikubali sifuri. "Mwanangu alitetemeka," aliandika mama mmoja. "Upepo unaingia upande huu unatokea ule." Mwingine akaandika kwamba hilo si sweta, ni wavu. Na wa mwisho, huyu niliyemwamini kwa sababu hakutumia hasira, alisema vidole vya mtoto vinanasa kwenye matundu ya mikononi. Nililiweka kando. Sikuwa na mtoto wa kumjaribia, na siku zile sikuona maana ya kufuma wavu.

Kisha binti yangu akashika mimba.

Hapa lazima nieleze. Binti yangu, wa pekee, aliolewa na kijana wa hapa Tanga mjini ambaye wazee wake walitoka Omani zamani, watu wa duka la vitambaa na mashamba ya minazi. Sisi ni Walutheri wa milimani. Alibadili dini, akaolewa, na kanisani waliongea mpaka wakachoka. Mimi sikugomba, kwa sababu nilimwona kijana mwenyewe, nikamtazama kwa muda mrefu kama ninavyotazama kila kitu, nikaona ni mtu. Lakini nisifiche: nilihisi nimechukuliwa kitu. Jumapili nilikaa kwenye benchi letu na nafasi tupu pembeni. Akija kunisalimia alikuwa na haraka ya kurudi. Nikawa nahesabu moyoni kwamba kuna jambo moja tu limebaki langu, nalo ni arobaini ya uzazi wa kwanza. Kwao pwani na kwetu milimani, hilo ni moja: mwanamke huja kwao kujifungua mimba ya kwanza, akakandwa, akalishwa na mama yake, mpaka siku arobaini ziishe. Nilizitaka siku zile. Nilizitaka sana hata nikaona aibu.

Mkwe mwenzangu, yaani mama wa kijana, hakukataa. Alikuja na dereva wake kabla ya mtoto kuzaliwa, akaketi kwenye kochi bila kuegemea, buibui mwilini, harufu ya udi ikatangulia mpaka jikoni. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba, akaanza kutazama madirisha.

"Mie sina neno, mkwe wangu," alisema. "Uzazi wa kwanza ni kwao. Lakini nasikia nyie mwalea watoto vifua wazi."

Nilijua habari hiyo imetoka wapi. Binti yangu alikwisha kuwasimulia, kwa kucheka, jinsi alivyokulia Maramba na kaptula tu.

"Joto, mkwe," nilisema.

"Joto ni la watu wazima. Mtoto mchanga hana joto, ana upepo tu unamngoja." Akainuka. "Akae kwenu mpaka siku ya saba. Tukishamnyoa na kumchinjia, tutaangalia. Akinawiri, atatimiza arobaini papa hapa. Asiponawiri, nawachukua wote wawili."

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mwezi wa pili, wakati ambao hata mbwa wa Nguvumali hawabweki, wanalala chini ya magari. Mkwe alifika siku hiyo hiyo na mfuko. Ndani yake kulikuwa na sweta la dukani la manjano, nene, la uzi ule wa nailoni unaong'aa, na kofia yake, na soksi zake. Alimvisha kwa mkono wake. Akafunga madirisha. Akampaka wanja kwenye paji la uso dhidi ya vijicho, akatusomea dua, akaondoka akiahidi kurudi kesho. Mtoto alikuwa mwekundu kama nyanya.

Kuja alikuja kila siku, bila saa maalumu. Na kila siku alikuta mtoto amefunikwa barabara, kwa sababu mimi na binti yangu tulikuwa tumeingia katika udanganyifu ambao hata leo nikiukumbuka nacheka. Yeye akiondoka tu, tulimvua mtoto, tukafungua madirisha, tukamlaza juu ya khanga na kumpepea. Mume wangu tulimweka barazani. Gari likikata kona ya mtaa wetu, alitakiwa kukohoa. Akikohoa, sisi ndani tunarukia sweta, soksi huku, kofia kule, binti anafunga dirisha, mimi navisha. Mkwe anapopiga hodi tunaitikia karibu huku tunahema. Alimpa mume wangu pole ya kifua. Siku moja akamletea asali.

Lakini harara haidanganyiki. Ilianza shingoni, vipele vidogo vyekundu, ikashuka kifuani na makwapani. Mtoto akalia kilio cha kujikunja. Sisi tulijua ni lile sweta, maana hata kwa muda mfupi alipolivaa aliloa. Mkwe alipoviona vile vipele alitikisa kichwa. "Upepo huo," alisema. "Nyumba yenu madirisha mengi mno." Nilikuwa na jibu limefika kwenye meno. Binti yangu alinitazama kwa macho yale aliyokuwa nayo akiwa mdogo, nilipokuwa nagombana na wenye maduka, na nikalimeza.

Siku moja baadaye, mume wangu akasinzia pale barazani. Hatukusikia kikohozi, tulisikia mlango wa gari. Sijapata kumvisha mtu yeyote kwa kasi ile. Mkwe aliingia, akanisalimia, akaketi, akampokea mjukuu wake, akamtazama. Akamgeuza. Akamgeuza tena.

"Sweta lina vifungo mgongoni siku hizi?" aliuliza.

Nilikuwa nimemvisha nyuma mbele, na kofia imeziba jicho moja. Mkwe alimfungua taratibu, akamvisha vizuri, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka cha juu.

"Kumbe mwamvua," alisema. Hakupandisha sauti, na ingekuwa heri apandishe. "Keshokutwa ndiyo siku ya saba. Tukishachinja naondoka nao. Mwambie afunge vitu vyake."

Mimi, ambaye sijawahi kukubali jambo bila kulipima, nilisema, "Sawa, mkwe." Nilisema sawa kwa kuwa niliogopa. Ningegomba siku ile, binti yangu ndiye angeishi na ugomvi wangu katika nyumba ya watu miaka yote. Mkwe alipoondoka binti alilia, akasema samahani mama, kana kwamba kosa ni lake. Nikamwambia anyonyeshe mtoto. Mume wangu alibaki barazani, hakuthubutu kuingia.

Nikakaa jikoni, nikafikiri. Nikimwacha mtoto na lile la manjano, anaungua. Nikimvua, ananyang'anywa. Huyu bibi hataki mtoto mwenye joto, anataka mtoto mwenye sweta. Aone mikono, aone shingo, aone vifungo. Akiviona siku ya saba, na ngozi ya mtoto imetulia, labda atabadili nia. Na ndipo nikakumbuka lile la nyota moja, lile ambalo upepo unaingia upande huu unatokea ule. Nilisimama ghafla, sufuria ikaanguka.

Nilikwenda sokoni Ngamiani mwenyewe, nikanunua uzi wa pamba mweupe, ule wanaofumia vitambaa vya makochi. Nikaanza mchana huo huo, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mume wangu alikuja kukaa karibu nami, bado ana aibu ya usingizi wake. Alitazama kazi ikikua, akatazama picha kwenye simu, akatazama matundu.

"Mara hii rekebisha kidogo," alisema. "Punguza hayo matundu. Akiyaona atasema tumemvisha mtoto wavu wa samaki. Huu si mtihani."

"Huu ndio mtihani," nilimjibu.

Nilisema kwa kiburi. Lakini alikuwa na haki. Ningeyaziba matundu, sweta lingependeza machoni pa mkwe, na harara ingerudi. Ningeyaacha, mtoto angepona, na mkwe angekuwa na neno lake la mwisho. Nikafuma kama ilivyoandikwa. Kulikuwa na mahali mikononi ambapo maelekezo yenyewe ni ya kipuuzi, matundu makubwa mpaka ukingoni kabisa, na niliona wazi kwamba yule mtu aliyelalamikia vidole hakusema uongo. Niliacha kosa lije. Nilipolimaliza, siku moja kabla ya kuchinja, ambayo mkwe hakufika kwa maandalizi ya shughuli, tulimvisha mtoto juu ya ngozi tupu tukafungua madirisha yote. Akalala. Alilala usingizi wa kukoroma, mdomo wazi, na binti yangu akaweka kiganja kifuani pake, akaniambia, "Mama, amekauka."

Siku ya saba nyumba ilijaa. Wanaume walikuwa uani na mbuzi, mtoto akanyolewa nywele kwa utulivu, akapewa jina, wanawake wa upande wao wakakaa sebuleni kwangu na mahanjumati waliyokuja nayo. Mabegi ya binti yangu yalikuwa mlangoni, mawili, na beseni la mtoto juu yake. Nilikuwa nayapita kila ninapobeba sinia. Nilitaka kuyapiga teke.

Mkwe aliomba mjukuu wake. Binti alimleta amefungwa khanga mpaka kidevuni, nikajua ameogopa. Mkwe akaifungua ile khanga, upande mmoja, kisha wa pili. Nilisimama na sinia la tende, sikujua pa kuliweka.

Mkwe aliinua mkono wa sweta akautazama kwa kuuelekeza dirishani, mwanga ukapita. Akaingiza kidole kidogo kwenye tundu la kifuani, akakitoa, akaingiza kwenye la pili.

"Nani katoboa hivi?"

"Mimi, mkwe," nilisema. Nikajiandaa.

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Ndivyo lilivyoandikwa."

Akavuta shingo ya sweta akatazama ngozi. Ile harara ilikuwa imeanza kufifia, imebaki rangi tu. Akapapasa mgongo wa mtoto kwa ndani. Na ndipo mtoto, kama ametumwa na wale wote wa nyota moja, akakunja mkono, kidole chake kikaingia kwenye tundu la ukingoni, kikanasa, akapiga kelele. Mkwe alikinasua kile kidole kwa utaratibu, akakibusu.

"Tundu halikuzungushiwa uzi," alisema. "Tundu usipolizungushia uzi linanasa. Nipe sindano. Ya kushonea, siyo hivyo vijiti vyako."

Nilimpa sindano na uzi uliobaki. Alivua buibui akalitupa juu ya kochi, akashuka kwenye mkeka, akamlaza mtoto mapajani bila kumvua, akaanza kuzungushia uzi tundu la kwanza la ukingo. Mkono wake ulikwenda haraka hata sikuuona. Wifi yake mmoja akacheka, akatuambia kwamba zamani hakuna aliyemfikia kwa kofia za viua. Hizo ni zile kofia nyeupe za wanaume zinazoshonwa kwa mkono, zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kila kimoja. Mwanamke huweza kukaa na kofia moja miezi.

"Kofia bila matundu utavaa Tanga hii?" mkwe alisema bila kuinua kichwa. "Si utapika ubongo. Nilimshonea mume wangu kofia maisha yake yote, kichwa kikapumua." Akakata uzi kwa meno. "Sijui kwa nini hatukuwafikiria watoto."

Nilikaa chini karibu naye. Nilimshikia ukingo wa sweta auvute vizuri. Tulikuwa karibu hata nikaona macho yake yanapata shida na tundu la sindano. Nikamtungia uzi, akaupokea bila kushukuru, kama watu wa nyumba moja. Alipofika katikati ya ukingo alianza kusema, kwa sauti ndogo, na mwanzoni nilidhani anaongea na mtoto.

"Mie walinichukua siku ya saba. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema kwetu nyumba ni ndogo. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mama alikuwa ameniinjikia uji, haujapoa. Alinifuata nao mpaka kwenye gari na bakuli mkononi, gari likaondoka." Akavuta uzi. "Yule mtoto ndiye huyu baba wa huyu."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yetu, alisikia. Aliweka mkono begani kwangu, akaubana.

Wakati huo kijana akachungulia mlangoni, kutoka uani, mikono bado ina maji. "Mama, dereva yuko tayari," alimwambia mama yake. "Nipakie mabegi?"

Mkwe hakumtazama. Alikuwa ameshamaliza ukingo wa mkono mmoja, akamgeuza mtoto upande wa pili.

"Mabegi gani?" alisema. "Huoni nimeshika kazi? Yarudishe chumbani."

Kijana akanitazama mimi, akamtazama mke wake, akayabeba mabegi kabla mtu hajabadili mawazo. Nilisikia beseni likigonga ukuta wa korido. Niliinuka nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya jiko nikilia na kucheka kwa pamoja, nimejiziba mdomo kwa khanga, kwa sababu nilikuwa nimepewa siku zangu zote na sikutaka wageni wanione nilivyofurahi. Kisha nikakoroga uji wa mzazi. Nilimimina bakuli la binti yangu. Nikamimina na la pili, bila kuuliza mtu, nikampelekea mkwe pale mkekani.

Alichoma sindano kwenye gauni lake, akalipokea kwa mikono miwili. Alilishika hivyo hivyo kwa muda, mvuke ukimpanda usoni, hanywi. Kisha akanywa, kidogo kidogo, mpaka chini.

"Pilipili manga umezidisha," aliniambia, akanirudishia bakuli. "Niongeze."